Mtaa wa Kulala Mchana

Nyumba ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ya jogoo. Alikuwa jogoo wa jirani, mwekundu, mwenye sauti ya dalali mnadani, na hakuwa na habari kwamba kulikwisha kupambazuka zamani. Aliwika saa tatu na robo, akawika saa tatu na nusu, na alipowika mara ya tatu Chiriku aliinuka kutoka kwenye mkeka alioutandika sakafuni, akaukunja, akatoka nje akiwa na alama za ukili shavuni.

"Hapana," alisema.

"Hapana," aliitikia Shangazi yake, kama mtu anayetia sahihi.

Bwana Mita, aliyekuwa akingoja kando ya lango na daftari lake mkononi, alimtazama jogoo yule kwa muda mrefu.

"Huyu hakuwapo wiki iliyopita," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa.

Chiriku alicheka. Alijaribu kucheka kidogo tu, kwa ajili ya Shangazi, lakini kicheko kilimponyoka, na Bwana Mita alipokisikia aliinamisha kichwa akaandika daftarini neno ambalo kwa hakika halikuhitaji kuandikwa.

Mtu asiyejua habari zao angeona kuwa ni kichekesho kuchagua mtaa kwa kwenda kulala sakafuni mwa nyumba tupu. Chiriku hakuona hivyo. Yeye alikuwa mwokaji wa mikate. Jumatatu ijayo angeanza kazi kama mkuu wa tanuri katika kiwanda kipya cha mikate cha mji ule mdogo, mji ambao alikuwa ameukanyaga mara moja tu maishani mwake. Angekanda unga tangu saa sita ya usiku, angetoa mikate ya mwisho saa mbili ya asubuhi, na saa tatu angepaswa kuwa kitandani, amelala, hadi saa tisa alasiri. Kule alikotoka aliishi miaka miwili nyuma ya karakana ya magari, na siku moja alilia juu ya donge la unga kwa uchovu, mikate ikatoka na chumvi iliyozidi. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatahamia tena mahali ambapo hajapajaribu kwa usingizi wake mwenyewe. Watu walimsifia mitaa yao kwa moyo mweupe. "Hapa kwetu usiku ni kimya kabisa," walimwambia. Chiriku alishukuru, akapita. Usiku yeye hakuwapo.

Baba yake hakutaka aende. Baada ya vikao vitatu vya ukoo alikubali kwa sharti moja: dada yake aende naye Alhamisi hiyo, na nyumba ipatikane kabla ya basi la saa tisa. Isipopatikana, Chiriku angekwenda kukaa kwa Mama wa Ghorofani, rafiki wa mama yake wa tangu shuleni, aliyekuwa na nyumba ya ghorofa katika mtaa wa juu, chumba cha wageni, na mwana wa kiume mwenye umri wa miaka thelathini na minne, karani wa benki, asiye na mke. Picha ya mwana huyo ilikuwa imeshatumwa kwenye simu mara mbili. Alipigwa picha hiyo akiwa amesimama kando ya gari, na Chiriku alipoitazama picha ile alilipenda gari.

Kuhusu Bwana Mita, baba yake aliambiwa tu kwamba ni "mtu wa idara ya maji atakayetuonyesha mitaa." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ila hayakutosha. Mwezi mmoja uliopita, Chiriku alipokuja kwa usaili, alimkuta mwanamume amechuchumaa kando ya barabara akimulika mita ya maji kwa tochi. Alimwuliza ni mtaa gani wa mji huo mtu angeweza kulala mchana. Wengine wote aliowauliza swali hilo walimjibu kwa swali lingine, wakitaka kujua kwa nini mtu mzima alale mchana. Huyu aliinua uso, akafikiri, akauliza: "Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?"

Tangu hapo walizungumza kwa simu kila jioni, kwa wiki nne, kuhusu mitaa. Kuhusu mitaa tu. Lakini kuna namna ya kutamka "mtaa ule una miti miwili ya kivuli" ambayo humfanya msikilizaji ageuke upande wa pili wa kitanda na kutabasamu ukutani.

*

Walikwenda nyumba ya pili kwa miguu. Shangazi alitembea katikati, mkoba kifuani, kama mpaka baina ya nchi mbili. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na sita, na hata sasa akiwa mstaafu alipofungua mlango wowote alihesabu vitanda.

Kazi ya Bwana Mita ilimpitisha kila ua wa mji ule mara moja kila mwezi, na katika kila ua palikuwa na mtu wa kumchokoza. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliita juu ya kamba: "Bwana Mita, leo si tarehe yetu. Au umekuja kutuonyesha wakwe?"

"Leo niko likizo, dada."

"Likizo unaifanyia hapa hapa? Na huyo binti, mita yake iko wapi?"

Wanawake wa ua ule wakaangua kicheko. Masikio ya Bwana Mita yalibadilika rangi. Shangazi alisimama.

"Mita yake ninaishika mimi," alisema, na kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

Nyumba ya pili ilikuwa nadhifu, yenye sakafu baridi na dirisha la mbao. Chiriku alitandika mkeka, akajifunika khanga, akafumba macho. Alikuwa ameanza kuzama usingizini sauti arobaini zilipopaa kutoka ng'ambo ya ukuta, zikighani kwa pamoja hesabu za kuzidisha. Alivumilia saba mara sita. Alivumilia saba mara saba.

"Saba mara nane, hamsini na nne," darasa likaimba.

Chiriku alifungua dirisha.

"Hamsini na sita," aliwaambia.

Pakawa kimya. Kisha sauti moja nyembamba ikasema, "Mwalimu, hata mimi nilisema."

Alipotoka nje, Bwana Mita alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko alichokuwa akijaribu kukimeza.

"Hii niliiandika 'labda'," alijitetea. "Darasa la upande huu lilikuwa ghala la madawati."

"Na sasa lina madawati na watu juu yake," alisema Chiriku. "Ningelala hapa mwezi mmoja ningeamka nimekuwa mwalimu."

Walitazamana wakacheka, na kicheko kilipokwisha waliendelea kutazamana, muda mfupi tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Shangazi alikohoa.

"Saa sita inakaribia," alisema. "Ya tatu iko wapi?"

*

Ya tatu ilikuwa katika mtaa wa juu.

Hapakuwa na la kuisema vibaya. Kuta zilikuwa nene, barabara ilikuwa na vumbi jepesi lisilopitiwa na magurudumu, na kutoka barazani lilionekana paa la kijani la nyumba ya Mama wa Ghorofani, nyumba tatu mbele. Shangazi aliliona paa lile na uso wake ukalainika.

"Hapa ndipo," alisema. "Mwanangu, nenda kalale."

Chiriku aliingia, akalala chali. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba aliweza kusikia mkeka ukipumua chini yake. Alifumba macho, akangoja usingizi. Usingizi haukuja. Alichokuwa akikisikiliza, bila kujikubalia, ni viatu vya Bwana Mita vikihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine huko barazani.

"Wewe kijana, keti," ilisema sauti ya Shangazi.

"Ahsante, Shangazi. Nimezoea kusimama."

"Sikukuuliza mazoea yako."

Kiti kikalia.

"Una umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

"Una mke?"

"Sina."

"Kwa nini?"

"Hajatokea wa kunitaka."

"Hilo ni jibu la utani. Nipe la kweli."

"Alikuwapo mmoja. Akasema mume anayeingia nyua za wake za watu kutwa nzima atamtia wazimu. Sikumlaumu."

"Nami simlaumu." Mkoba ulifunguliwa, ukafungwa. "Sikiliza. Nimelinda wasichana kwa miaka ishirini na sita. Nimewakamata vijana waliojificha ndani ya pipa la takataka. Nimemkamata aliyevaa sketi, na ilimkaa vizuri. Hakuna hila ya kijana nisiyoijua. Wewe nimekuchunguza tangu asubuhi, na hila yako sijaiona. Jambo hilo linanisumbua."

"Samahani, Shangazi."

"Usiniombe samahani. Nipe hilo daftari."

"Ni mambo ya kazi tu."

"Uko likizo."

Chiriku alifumbua macho. Dari ilikuwa nyeupe, haina hata ufa mmoja wa kumpotezea mawazo. Alisikia miwani ikitolewa katika kibweta chake, na kurasa zikifunuliwa.

"'Mtaa wa nyuma ya stendi,'" Shangazi alisoma. "'Jumatatu saa nne: wanachomelea vyuma. Saa sita: wanachomelea vyuma. Jumanne saa nne: wanachomelea vyuma. Asipakanyage.'" Ukurasa ukafunuliwa. "'Mtaa wa juu. Saa tatu kimya. Saa tano gari moja. Saa saba kimya. Dirisha la chumba linatazama mashariki, anahitaji pazia zito.' Hata pazia umeliandika."

"Jua la saa tatu lingemwamsha."

"Siku ngapi umezunguka hivi?"

"Tangu aliponiuliza."

Donge la unga linapokubaliana na hamira huwezi kuliona likiinuka. Unageuza uso, unarudi, unalikuta limejaa bakuli. Moyo wa Chiriku ulifanya vivyo hivyo pale sakafuni. Alivuta khanga hadi midomoni.

"Na huu?" Sauti ya Shangazi ilikuwa imeshuka. "'Mtaa wa bondeni.' Kurasa mbili nzima. 'Kimya. Kimya. Dirisha linatazama kaskazini. Mlango mzito. Maji hayakatiki. Saa nane cherehani ya jirani, sauti ndogo, kama mvua iliyo mbali.' Kisha umechora msalaba mkubwa juu yake. Kwa nini?"

"Nyumba hiyo haifai."

"Haifai kwa lipi? Hapa pote sijaona kasoro."

Chiriku aliinua kichwa kutoka mkekani.

"Mimi ninakaa mtaa huo," alisema Bwana Mita. "Kwa mama yangu, mlango wa tatu. Cherehani hiyo ni yake."

"Basi?"

"Nilipokuwa nikiandika ukurasa huo nilifurahi mno, Shangazi. Nilipojiona nimefurahi hivyo, nikaacha kujiamini. Sikujua tena kama ninamtafutia yeye nyumba au ninajitafutia mimi jirani. Amenikabidhi usingizi wake. Mtu hawezi kuchezea amana ya namna hiyo. Nikaukata."

"Na hapa ulipotuleta, unajua ni karibu na kwa nani?"

"Kwa Mama wa Ghorofani. Binti yako aliniambia."

"Na habari za mwanawe?"

"Aliniambia pia."

"Na bado umetuleta."

"Ni mahali patulivu, Shangazi."

Chiriku aliinuka. Hakukunja mkeka. Alifungua mlango, akasimama kizingitini, nywele zikiwa zimelalia upande mmoja.

"Umelala?" Shangazi aliuliza haraka.

"Sikulala."

"Lakini hapa ni kimya kabisa."

"Ni kimya kweli, Shangazi. Nimesikia kila neno."

Bwana Mita alitazama viatu vyake. Shangazi alilifunga daftari, akaliweka juu ya mkoba, akalikunjia mikono.

"Nataka kwenda kulala katika nyumba iliyokatwa msalaba," alisema Chiriku.

"Huendi."

"Shangazi."

"Nimesema huendi. Msichana wa kwetu hawezi kuhamia mlango wa tatu kutoka kwa kijana asiyesema neno. Nitamwambia nini kaka yangu? Kwamba nimempeleka mwenyewe, nikamtua mlangoni kama kifurushi?"

"Basi aseme neno," Chiriku alijibu, na alipokwisha kulitoa alijistaajabia. Alimgeukia Bwana Mita. "Sema."

Bwana Mita aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyefikia mlango wazi huku mikono yake yote miwili ikiwa na mizigo.

"Siwezi kusema sasa," alijibu.

Hata Shangazi alishangaa.

"Huwezi?"

"Nikisema sasa, ataingia katika nyumba ile na neno langu kichwani, na hatajua kama amelala kwa sababu nyumba inamfaa au kwa sababu anataka imfae. Alale kwanza. Nyumba ikimfaa, nitasema. Isipomfaa, nitasema vilevile. Ila nitamwomba akae hapa juu."

"Yaani hata kupendwa," alisema Chiriku polepole, "ningoje kwanza nilale?"

Alirudi ndani, akaukunja mkeka kwa nguvu iliyopita kiasi, akatoka nao kwapani, akashika njia ya kuteremka. Hakujua njia. Bwana Mita alimfuata ili amwonyeshe, na Shangazi aliwafuata wote wawili, kwa mara ya kwanza siku hiyo akiwa nyuma badala ya katikati.

"Umenilaza na majogoo," Chiriku alisema bila kumtazama. "Umenilaza na saba mara nane. Na nyumba ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa radhi nikae kule juu. Jirani na lile gari."

"Ndiyo."

"Wewe ungekuwa unapita mara moja kwa mwezi kusoma mita."

"Tarehe kumi na mbili."

"Na ungetosheka?"

"Nisingetosheka," alisema. "Ila ungelala."

Chiriku alimpa mkeka ambebee, na kwa kuwa hakuwa amesamehe bado, alimpa bila kusema ahsante.

*

Mtaa wa bondeni ulikuwa wa nyumba za chini, zenye nyua za kufagiliwa na milango iliyopakwa rangi upya kwa zamu, kila mmoja akiwa amemwiga jirani kidogo. Katika mlango wa tatu mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni aliinuka kutoka kwenye cherehani. Alimtazama Chiriku, akautazama mkeka uliokuwa mkononi mwa mwanawe, akapata habari zote.

"Wewe ndiye wa saa tatu hadi saa tisa," alisema.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umenitesa wewe. Mwezi mzima huyu ananikalisha hapa, kisha anakwenda kusimama peke yake ndani ya nyumba tupu ile. Ananipigia simu: 'Mama, shona.' Ninashona. 'Mama, acha.' Ninaacha. 'Mama, shona kitambaa kizito.' Nikadhani kijana ameanza kuumwa."

"Mama," alisema Bwana Mita.

"Sijakwambia unyamaze, lakini nyamaza. Dada, karibu kiti." Hayo ya mwisho alimwambia Shangazi, na wanawake wale wawili wakapeana mikono kwa utulivu wa mafundi wanaotazamana vyombo vya kazi. Shangazi alitupia jicho nguo iliyokuwa chini ya sindano.

"Ukosi huo umeukaza mno," alisema.

"Mwenye nguo ana shingo nene."

"Ah. Basi ni sawa."

Chiriku aliingia peke yake katika ile nyumba tupu, hatua chache kutoka hapo. Palikuwa na ubaridi mzuri wa chumba kisichopigwa na jua. Alitandika, akalala ubavu, bado na hasira. Alipanga maneno atakayomwambia akitoka: kwamba mtu hapendwi kwa kupimwa kama kitambaa, kwamba mwanamke ana haki ya kupewa ukurasa wote, hata uliokatwa, kwamba yeye hakuomba kulindwa dhidi ya furaha ya mtu mwingine. Yalikuwa maneno mazuri. Mahali fulani nje cherehani ilianza kwenda, ikapumzika, ikaenda tena. Alikuwa amefika kwenye neno la nne.

Saa nane na nusu Shangazi alichungulia. Alisimama mlangoni kwa namna aliyowahi kusimama katika milango mingi, akasikiliza pumzi. Alijua pumzi ya msichana anayejifanya amelala; aliweza kuitambua gizani, kitanda kwa kitanda. Hii haikuwa hiyo. Alirudi kitini.

Saa tisa kasorobo Bwana Mita alisogea.

"Shangazi, basi."

"Nina saa mkononi."

"Hadi stendi ni robo saa."

"Nimekwambia nina saa."

Alirudi kusimama mahali pake. Mama yake alishona mstari mmoja mrefu, ulionyooka, bila kuinua uso. Saa tisa na dakika tano honi ya basi ilisikika kwa mbali upande wa stendi, ndefu, ya kuwakusanya waliochelewa. Shangazi alitoa leso, akafuta miwani yake, akaivaa, akaomba apatiwe maji ya kunywa.

Chiriku alitoka saa kumi kasoro dakika kumi, macho yamevimba kwa usingizi, akiwatazama wote kama mtu aliyeteremshwa kutoka sayari nyingine.

"Ni saa ngapi?"

Aliambiwa.

"Na basi?"

"Limekwenda," alisema Shangazi.

"Hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala," Shangazi alijibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi kabisa. Kisha alimgeukia mama wa Bwana Mita, akaanza kumwuliza bei za vifungo, kwa kirefu, akiwa amewapa vijana mgongo.

Bwana Mita alikuwa ameinama kwenye kona ya ua wa ile nyumba tupu, kando ya mita, akijifanya kuikagua. Chiriku alimwendea. Hasira aliitafuta njiani, hata chembe yake hakuiona.

"Simama," alimwambia. "Mita haizunguki."

Alisimama.

"Nyumba imekufaa?"

"Imenifaa. Na sikuwa na neno lako kichwani. Nilikuwa na matusi ya kukutukana. Hata hivyo nimelala."

Bwana Mita alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu, kwa sababu zamu ilikuwa yake na hapakuwa na ukurasa wa kufunua. Alijipapasa mfuko wa shati. Daftari lilikuwa kwa Shangazi.

"Nilikuwa nimeyapanga maneno," alisema.

"Yapangue."

"Nataka nisikie mlango huo ukifungwa saa tatu ya asubuhi, nijue umefika." "Nimeomba nibadilishiwe mzunguko, mtaa huu niumalizie mwisho, saa tisa. Niliomba kabla ya kuukata ukurasa. Baadaye nikaona aibu kwenda kuomba warudishe. Nataka ukiamka uwe na mtu wa kumwambia uliyoyaota. Na nakupenda, Chiriku. Hilo ndilo lilipaswa kuja mwanzo."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita Chiriku, jina lake la utani la nyumbani. Chiriku, ambaye tangu utotoni hakuwahi kukosa la kusema, safari hii aliushika tu mkono wa shati lake kwa vidole viwili, karibu na kifundo cha mkono, kama anayepima uzito wa kitambaa.

"Nimeota unga," alisema. "Wewe ulikuwa umeshika bakuli."

"Nililishika vizuri?"

"Vibaya. Nitakufundisha." Hakuuachia mkono wa shati. "Nami nakupenda. Na siku nyingine ukifurahi, niambie. Usikate."

"Sitakata."

Nyuma yao habari za vifungo zilikuwa zimekwisha. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ua, simu sikioni, kifua mbele, akizungumza na kaka yake kwa sauti iliyowahi kufika hadi kitanda cha mwisho cha bweni.

"Ndiyo, kaka, imepatikana... Tumelikosa basi... Kwa sababu alikuwa amelala, ulitaka nimwamshe? Amelala saa moja na dakika arobaini, nimehesabu... Hapana. Haendi kwa Mama wa Ghorofani. Nitamwandikia mimi mwenyewe, kwa adabu... Majirani? Mshonaji. Mwanamke safi, mkono wake umenyooka... Anaye mtoto, ndiyo. Mmoja... Wa kiume." Alilisogeza sikio mbali na simu, akangoja, akalirudisha. "Umemaliza? Kaka, nimewalinda watoto wa watu miaka ishirini na sita na hakuna aliyenipotea hata mmoja. Huyu ni wangu. Hapana, usije kumchukua. Njoo Jumapili, uvae koti lako, uje usalimiane na watu."

Alisikiliza tena, akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia mwenye cherehani.

"Anasema koti halimwenei siku hizi."

"Mwambie alivae hivyo hivyo," alisema mama wa Bwana Mita, akishusha futi kutoka shingoni. "Akifika nitalipanua."